Barua Pepe Ilitangulia Wavuti: Historia Iliyozaa Maneno ya Intaneti

Anayeanza kujifunza kompyuta hukabidhiwa orodha ya maneno: intaneti, wavuti, seva, kivinjari, kikoa, pakiti. Huyakariri, hufanya mtihani, na baada ya mwezi mmoja yote yamemtoka. Simlaumu. Orodha huyapanga maneno hayo kana kwamba yalizaliwa siku moja, wakati barua pepe imeitangulia wavuti kwa karibu miaka 20, na kila neno lilikuja kwa sababu kuna mtu alikwama mahali fulani. Ukijua alikwama wapi, neno lenyewe halisahauliki.

Tuanze na pakiti, maana ndiyo mzizi wa yote. Katika miaka ya 1960, Paul Baran wa shirika la RAND huko Marekani na Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza walifikia wazo lilelile, kila mmoja kivyake. Simu ya zama zile ilishika laini nzima tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho, hata wazungumzaji wakinyamaza. Wao walitaka ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe kinakotoka, kinakokwenda na namba yake, kisha kipite njia yoyote iliyo wazi. Mtu anayehamisha kitanda kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hukifungua, akazipakia mbao kwenye basi lenye nafasi, hata mabasi mawili tofauti, na fundi akakiunga upya kikifika. Baran alihofia vita: waya mmoja ukikatwa, mawasiliano yasife. Davies alikuwa na shida ya wakati wa amani, kwani kompyuta zilikuwa ghali mno na alitaka watu wengi waweze kuzitumia kwa pamoja.

Wazo hilo lilifanyiwa kazi na Marekani katika mtandao wa wizara ya ulinzi ulioitwa ARPANET. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline aliketi mbele ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akajaribu kuingia katika kompyuta nyingine iliyokuwa Menlo Park, takriban kilomita 500 kutoka alipo. Alipaswa kuandika neno la Kiingereza lenye herufi tano, LOGIN, la kuomba kuingia. Alibonyeza L, mwenzake wa upande wa pili akathibitisha kwa simu kwamba imefika. Akabonyeza O, nayo ikafika. Alipoendelea, mfumo wa Menlo Park ukaanguka. Walirekebisha na baada ya kama saa moja wakafaulu, lakini ujumbe wa kwanza kuwahi kupita katika mtandao ule utabaki kuwa herufi hizo mbili. Kufikia mwisho wa mwaka, mtandao mzima ulikuwa na vituo vinne.

Barua pepe haikuagizwa na mkubwa yeyote. Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts, alikuwa na programu ya kumwachia ujumbe mtu mwingine anayetumia kompyuta ileile. Mwaka 1971 aliirekebisha ili ujumbe uvuke kwenda kompyuta nyingine. Mashine zake mbili zilisimama ubavu kwa ubavu katika chumba kimoja, lakini kilichoziunganisha ni ARPANET tu. Ikabidi sasa atafute namna ya kutenganisha jina la mtu na jina la mashine aliyopo. Alitazama kibodi yake akaona alama ya @, ambayo wafanyabiashara waliitumia kuonyesha bei ya kila kipande cha bidhaa. Haikuwemo katika jina la mtu yeyote, basi haingeleta mkanganyiko. Akaichagua. Maandishi ya ujumbe wake wa kwanza hayakuhifadhiwa. Mwenyewe alisema yalikuwa herufi za kujaribia tu, zisizo na maana. Ni uamuzi wa dakika chache, na leo mkulima wa kahawa wa Mbinga na mwanafunzi wa Bujumbura wana anwani zenye alama hiyohiyo, kushoto jina lao, kulia mashine inayowatunzia barua.

Hadi hapo bado hakukuwa na intaneti. Kulikuwa na mitandao kadhaa, kila mmoja na kanuni zake, na mmoja hausikilizani na mwingine. Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha pendekezo la kanuni za pamoja za kuunganisha mitandao hiyo. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyolegezwa baadaye. Wengine walikuwa wanaandika kanuni za mawasiliano ya dunia, na sisi tulikuwa bado tunabishana kama mashine yenyewe inafaa. Naona umbali huo hadi leo ninapomsikia kijana mwenye akili akisema kompyuta si mambo yake.

Tarehe 1 Januari 1983, ARPANET ilihamia katika kanuni za Cerf na Kahn, na wengi huihesabu siku hiyo kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwa intaneti. Kwa hiyo intaneti ni hiyo: mitandao mingi iliyokubaliana kanuni za kupitishiana pakiti. Nyaya, redio, setilaiti na minara ya simu ni vyombo vya kuzibebea.

Kisha majina yakaleta taabu. Kompyuta hutambuana kwa namba, na binadamu hashiki namba ndefu. Orodha ya majina ya mashine zote za mtandao ilitunzwa katika faili moja huko Menlo Park na kikundi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyeongeza mashine aliwaarifu nao wakaiandika. Mashine zilipokuwa nyingi, faili ikalemea. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa vikoa, yaani matawi ya majina, ambamo kila tawi hutunza majina yake lenyewe. Kikoa cha .ke kilisajiliwa mwaka 1993, na .tz mwaka 1995.

Wavuti ilikuja mwisho, nayo ndiyo wengi wanayoiita intaneti. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kando ya Geneva, alichoshwa na hali aliyoikuta: maelfu ya wanasayansi hupita pale, kila mmoja na kompyuta ya aina yake, na anayeondoka huondoka na alichokijua. Machi 1989 aliandika pendekezo la kuunganisha nyaraka kwa viungo, ili msomaji abofye neno katika ukurasa mmoja na kufunguliwa ukurasa mwingine, hata ukiwa kwenye mashine ya mbali. Kufikia mwisho wa 1990 alikuwa na vitu viwili vinavyofanya kazi: seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa na kuzitoa zinapoombwa, na kivinjari, programu inayoziomba na kuzionyesha.

Seva hiyo ya kwanza ilikuwa kompyuta nyeusi ya NeXT juu ya meza yake. Alibandika karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu akiwasihi watu wasiizime, kwa sababu ni seva. Ombi hilo linafundisha maana ya seva kuliko kamusi: siku zile, mfanyakazi mmoja akiuzima mtambo ule jioni ili kubana umeme, tovuti pekee duniani ingetoweka. Seva za leo zimejaa katika majengo yenye walinzi na jenereta, na ndizo watu wanazoziita wingu.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote aweza kuitumia teknolojia ya wavuti bila kulipa. Kwangu mimi hiyo ndiyo tarehe kubwa kuliko zote katika makala hii. Mwaka huohuo Marc Andreessen na Eric Bina, katika Chuo Kikuu cha Illinois, walitoa kivinjari cha Mosaic, kilichoonyesha picha pamoja na maandishi katika ukurasa mmoja na kilichokuwa rahisi kwa asiye mtaalamu. Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi.

Huku kwetu Afrika Mashariki kasi ilichelewa, na sababu yake haikuwa umbali peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi, kama zilitumia kampuni tofauti za intaneti, ilipanda kwenye setilaiti, ikatua ng'ambo, kisha ikarudi kwa setilaiti. Setilaiti za aina hiyo zilikaa kama kilomita 36,000 juu ya ardhi, na kila safari ililipiwa kwa dola. Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana pakiti humohumo Nairobi, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwa mdhibiti, na kituo kikafungwa wiki chache tu baada ya kufunguliwa. Wenye kampuni hawakukata tamaa, wakapigania kibali, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Watu hao wanastahili kutajwa katika madarasa yetu ya historia. Dar es Salaam nayo ikapata kituo chake.

Kebo za baharini zikafuata: SEACOM ilizinduliwa Julai 2009, TEAMS ikaiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu mwaka huohuo, na EASSy ikaanza kazi 2010. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika kwenye bahari ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na watu wa Tanzania na nchi jirani walikaa na intaneti ya kusuasua. Wengi walizima simu na kuziwasha, wakatoa laini na kuzirudisha, wakilaumu simu zao.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kompyuta, wa shule na wa vyuo vya mitaani, wasiendelee kuanza somo na orodha. Waanze na Kline na herufi zake mbili, waende kwa Tomlinson, wafike kwa Berners-Lee na karatasi yake, kisha warudi Nairobi na Mombasa. Na mwanafunzi akisema mtandao hakuna, wamuulize ni kipi hasa kilichokosekana: bando lake, mnara wa karibu, seva ya tovuti anayoitafuta, au kebo iliyoko chini ya Bahari ya Hindi.