Kampuni Kubwa na Mafundi Wadogo katika Mji Mmoja: Fundisho la Arusha

Katika vikao vya mashina huulizwa: je, kampuni kubwa ya kigeni na fundi mdogo wanaweza kukaa mji mmoja bila mmoja kummeza mwenzake? Swali hili halijibiwi kwa jazba. Linajibiwa kwa historia. Tunalitazama kutoka Sombetini, kata ya wachuuzi, vibarua na mafundi, jirani na Unga Limited ambayo hata jina lake ni la kampuni ya kusaga nafaka.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Lakini kumiliki kiwanda ni jambo moja, na kumiliki ujuzi ni jambo jingine. Kwa sababu hiyo, ilipoundwa General Tyre East Africa mwaka 1969, umma ulishika asilimia 74 ya hisa, na kampuni ya General Tire ya Marekani asilimia 26. Matairi yakaanza kutengenezwa mwaka 1971. Mwenye hisa chache ndiye aliyekuwa na ufundi.

Wakati huo huo, vibarazani na chini ya miti, kulikuwa na kiwanda kingine kisichokuwa na bango. Tairi lililochakaa lilifika kwa fundi, akalichana kwa kisu, akakata nyayo na mikanda, akagongelea misumari. Zikapatikana katambuga, viatu vya mkulima, kibarua na mfugaji.

Wapo wanaouona uhusiano huo kuwa ni ushirikiano. Sisi hatukubali. Fundi hakuwa na mkataba na kiwanda, wala tairi kuukuu halikumpa mashine, mkopo au mafunzo. Kilichomfikia ni masalio. Kuishi kwa masalio ya mkubwa ni ujirani tu; ushirikiano ni kushiriki katika uzalishaji wenyewe.

Juhudi za kuujenga ushirikiano wa kweli zilikuwapo. SIDO iliundwa mwaka 1973 kuviendeleza viwanda vidogo. Katika miaka ya 1970 hiyo hiyo ulianza mpango na Sweden, ambamo kiwanda kidogo cha kule kilimlea mwenzake wa huku kwa mashine na mafunzo. Arusha ikapata pia TEMDO, iliyoundwa mwaka 1980 kusanifu mitambo, na CAMARTEC, iliyoundwa mwaka 1981 kushughulikia zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Hapo mdogo hakungoja makombo, alifundishwa kazi.

Lakini uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980 uliviumiza viwanda vyetu, na baadaye soko likafunguliwa kwa bidhaa za nje. Mwaka 1987 kampuni ya Continental ya Ujerumani iliinunua General Tire. Mbia wetu aliuzwa ng'ambo, na mfanyakazi wa Arusha hakuwa na kura katika uamuzi huo. Kufikia mwaka 2009 kiwanda kilikuwa kimesimama. Mkubwa alinyamaza, kisu cha fundi kiliendelea kuchana matairi, sasa ya kutoka nje.

Tusijidanganye kwamba hilo ni ushindi wa mdogo. Fundi alibaki kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Na kosa letu tulikiri: tulihesabu hisa, hatukuhesabu viungo. Hatukuuliza ni karakana ngapi za mjini zinazokitengenezea kiwanda vipuri, wala ni vijana wangapi wanaotoka humo na ujuzi wa kuanzisha kazi zao.

Leo vijana wanaanzisha kampuni changa, na makampuni ya kimataifa yanakaribishwa tena. Kada asiridhike kuona bango jipya na jiwe la msingi. Aulize: nani anafundishwa? Nani anauziana na nani? Mwekezaji akiondoka kesho, Sombetini itabaki na nini mikononi? Jibu likiwa ni masalio tu, kazi yetu bado haijaanza.