Kikomo cha Gigabaiti 32

Matatu itokayo Homa Bay kwenda Migori hupitia Rongo na Awendo, na siku hizi muziki wake, uwe benga au ohangla, hutoka kwenye flashi iliyochomekwa redioni. Nyimbo za Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati ng'ambo ya mpaka, zilianzia kwenye santuri, zikahamia kanda, zikaingia CD, na sasa zinamiminwa flashi kwa mamia. Lakini nunua flashi ya gigabaiti 64 uone: redio nyingi za bei nafuu zitaikataa katakata, kwa sababu zinasoma mpangilio mmoja tu wa mafaili, FAT32, na flashi hiyo mara nyingi hutoka dukani na mpangilio mwingine. Flashi ni nzima. Shida yenyewe ina umri kumshinda kondakta.

Babu wa FAT32 aliandikwa na Marc McDonald wa Microsoft mwaka 1977. Kompyuta binafsi ya IBM ilipoingia sokoni Agosti 1981, Homa Bay ilikuwa bado makao makuu ya wilaya moja ya Nyanza Kusini, Migori ikiwa ndani yake. Kwenye mashine hiyo hapakuwa na picha ya kubofya. Uliandika FORMAT na herufi ya diski, basi. Diski laini ilibeba kilobaiti 160. Wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida ungekatika kwenye sekunde ya kumi, gitaa la benga halijapata hata nafasi ya kuchangamka. Mwaka 1983 ikaja diski ngumu ya megabaiti 10, na amri ileile sasa ikaweza kufuta kazi ya mwaka mzima.

FAT32 yenyewe ilitoka 1996. Ina uwezo wa kubeba hadi terabaiti 2, lakini Windows ikawa inagoma kuitengeneza ikizidi gigabaiti 32. Kwa nini? Dave Plummer, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft, alieleza mwaka 2024 kwamba Alhamisi moja asubuhi, mwishoni mwa 1994, alitengeneza kasha la Windows la kufomati diski, likiwa la muda tu mpaka lije lililo bora. Kikomo hicho, anasema, alikiamua asubuhi hiyo, kabla hata FAT32 haijatoka. Lililo bora halikuja. Uamuzi wa asubuhi moja ukawa sheria kwa karibu miaka thelathini, na sijui ofisi ya serikali iliyowahi kudumisha jambo la muda kwa uaminifu kiasi hicho.

Fundi aliyejaribu kulipita kasha hilo alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika:

format E: /FS:FAT32

Asilimia zikapanda polepole, moja, mbili, tatu. Chai ikanywewa, wateja wengine wakahudumiwa. Ilipofika mia, ndipo kompyuta ikasema diski ni kubwa mno kwa FAT32. Ingeweza kusema hivyo tangu mwanzo! Waliojua Linux walitumia amri ya mkfs isiyo na kikomo hicho. Wengine walitafuta programu ndogo za bure za kufanya kazi hiyohiyo.

Agosti 2024, katika toleo la majaribio la Windows 11, Microsoft ilipandisha kikomo hadi terabaiti 2. Ila ilifanya hivyo kwenye dirisha jeusi peke yake. Kasha la Plummer likabaki na gigabaiti zake 32.

Ukiongeza /Q mwishoni mwa amri, kazi inaisha kwa sekunde chache, maana kinachofutwa ni jedwali la mafaili, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima. Nyimbo zenyewe zimo bado. Mteja akirudi mbio akisema picha za mazishi zilikuwa mlemle, fundi anaweza kuziokoa kwa programu ya kurejesha mafaili, mradi hajaanza kumimina nyimbo mpya juu yake. Bila /Q, tangu Windows Vista, kila sehemu ya diski huandikwa sifuri, na hapo hakuna cha kurejeshwa.