Somo la Historia: Karanga za Kongwa na Mafuta ya Kariakoo

Chukueni daftari zenu, na mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: karanga, alizeti, ufuta.

Ninyi mkaao Kariakoo, Gerezani na Ilala mnajua kwamba bei ya mafuta ya kupikia ikipanda, mama lishe hukaanga kidogo na chakula huwa ghali. Mafuta mengi tunayotumia hutoka ng'ambo, hasa mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia. Je, nchi yetu haiwezi kutoa mafuta? Leo tutazame watu waliojaribu kwa pupa.

Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Bwana Frank Samuel wa United Africa Company alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Wataalamu walioongozwa na Bwana John Wakefield walizunguka kwa majuma machache, mara nyingi kwa ndege, wakakubali. Ikapangwa kulima zaidi ya ekari milioni 3.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yalishushwa katika bandari yetu ya Dar es Salaam, yakapelekwa bara kwa reli. Mwaka ule zilitakiwa ekari 150,000; hazikupatikana hata 15,000. Vichaka vilikuwa vigumu, na mizizi yake ilivunja majembe ya mashine.

Sasa sikilizeni vizuri. Ua la karanga likinyauka, hutokea kikonyo ambacho huingia ardhini, na karanga hukomaa humo. Lakini udongo wa Kongwa una ufinyanzi. Mvua ikikatika, hukauka ukawa kama tofali. Kikonyo hakipenyi, na karanga iliyokomaa haing'oleki. Alizeti nayo ilijaribiwa, ikaumizwa na ukame. Wagogo, wenyeji wa huko, walijua nchi yao ni kavu. Ndiyo maana walitegemea mtama, uwele na ng'ombe. Januari 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo. Yapata paundi milioni 36 zilipotea.

Basi, je, nchi kavu haina mafuta? Inayo. Leo alizeti hulimwa sana Singida na Dodoma, na Kongwa imo katika mkoa huo wa Dodoma. Mzizi wake hushuka mbali kutafuta maji, na mbegu zake hukaa juu, hazifungwi na udongo mgumu. Ufuta wa Lindi na Mtwara huvumilia jua ukishashika ardhi, lakini maji yakituama hufa. Mchikichi wa Kigoma wataka mvua nyingi. Hakuna mmea unaovumilia kila kitu.

Siku hizi tabia ya nchi inabadilika. Joto limeongezeka; mvua huchelewa, au hunyesha nyingi kwa mara moja. Wengi wenu mna mashamba kwenu, au hupeleka fedha za mbegu kwa ndugu zenu. Msiulize bei ya sokoni tu. Ulizeni pia: udongo ni wa namna gani? Mvua ya mwaka jana ilikuwaje? Wazee hupanda nini mwaka wa ukame? Tena msitie fedha zote katika zao moja.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini karanga zilishindwa Kongwa?
2. Kwenu hulimwa mmea gani wa mafuta, nao unaogopa nini: jua au maji?

Kwaherini mpaka juma lijalo.