Aliacha Kazi Pugu, na Hakuwa na Kazi Nyingine Mkononi

Leo siwaletei ya mastaa. Nawaletea ya jamaa mmoja aliyeacha kazi hapa hapa jirani, kule Pugu ukiwa unaelekea Kisarawe. Jina lake nalibana kidogo, japo wajanja mtamjua kabla sijafika nusu.

Jamaa ana miaka 32. Ana digrii ya M.A. ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, kamaliza 1952, enzi ambazo Mtanganyika mwenye digrii unamhesabu kwa vidole. Kaoa Januari 1953. Anafundisha St. Francis, shule ya mapadri ambayo leo tunaiita Pugu Sekondari. Mshahara wa uhakika, heshima ya mtaani ipo, watu wanamwita mwalimu.

Ila pembeni ana mchongo wake. Tarehe 7 Julai 1954, yeye na wenzake wanaanzisha chama pale New Street, Dar es Salaam, barabara ambayo sasa ni Lumumba. Kwa macho ya leo, aisee, ile ni startapu kabisa: watu wachache, chumba cha ofisi, hela ni za kuchangishana, na wazo ambalo wakubwa wanaliona la ajabu. Wazo lenyewe ni kumwambia Mwingereza aondoke. Jamaa ndiye kiongozi, lakini Jumatatu lazima arudi darasani. Wazee wanasimulia kwamba mara nyingi alikuwa anatembea kwa mguu Pugu hadi mjini kuwahi vikao. Ni zaidi ya kilomita 20. Mimi kutoka Sofu hadi Picha ya Ndege tu naita boda.

Machi 1955 akapanda ndege kwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Nauli ilitokana na michango. Aliporudi, Pugu wakamweka kikaango: chagua siasa au chaki. Mwezi huo huo akaandika barua ya kujiuzulu.

Ndiyo, ni Nyerere. Mlishamjua.

Shuleni stori hii tuliipata kwa mstari mmoja: "1955 alijiuzulu ualimu." Nikajibu kwenye mtihani, nikapata tiki yangu, basi. Hakuna aliyetuambia asubuhi iliyofuata ilikuwaje. Maana jamaa hakuhama kazi moja kwenda nyingine yenye mshahara mnono. Alipokelewa Kariakoo nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa wale waliokuwa naye tangu chama kinazaliwa. Kisha akarudi kijijini Butiama na familia yake. Mtu mwenye digrii ya Ulaya, katoka kuhutubia New York, yuko kwao Musoma anamfundisha padri wa Kimarekani Kizanaki na kufanya kazi za kutafsiri. Kwa lugha yetu ya leo, alikuwa anapiga vibarua. Baadaye ndipo akarudi Dar kuendelea na chama, na Mama Maria akafungua kaduka, anauza mafuta ya taa. Hako kaduka mimi nakaheshimu kuliko hotuba nyingi. Mtu mmoja akiacha kazi, kuna mwingine nyumbani anaanza kuhesabu senti.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kuacha kazi kulikuwa kama tabia yake. 1957 Gavana Twining alimteua aingie Baraza la Kutunga Sheria. Desemba mwaka huo huo akatoka, kwa sababu aliona mapendekezo yake yanatupwa tu. Halafu ile ya 1962 ndiyo funga kazi. Uhuru tumepata 9 Desemba 1961, yeye Waziri Mkuu. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baadaye, anajiuzulu na kumwachia Rashidi Kawawa kiti. Anakwenda wapi? Anazunguka mikoani kukijenga upya chama, kwa sababu mkoloni waliyekuwa wanampinga kashaondoka na watu wanauliza sasa tunafanya nini. Desemba 1962 akarudi akiwa Rais wa Jamhuri. 1985 akaacha na huo, akampisha Mzee Mwinyi.

Kiukweli, mimi naiona ya 1955 ndiyo nzito. 1962 alikuwa tayari ni mtu mkubwa, nchi nzima inamjua. 1955 alikuwa mwalimu asiye na mshahara.

Sasa kwa nini nimeyachimba haya? Wiki ya tatu hii sina kazi. Nilikuwa kwenye kampuni changa moja ya mjini, siitaji, tulikuwa watu sita na programu ya kupeleka mizigo. Mwaka wa kwanza raha tupu, kila mtu anaitwa mwanzilishi. Mwaka wa pili mshahara ukaanza kuja nusu nusu, na neno "vumilia" likawa kama salamu. Nikaandika barua yangu ya mistari minne, nikapanda daladala la Kibaha.

Wahamasishaji wa mitandaoni watawaambia Nyerere aliacha kazi na wewe acha. Hapana jamani. Yeye alikuwa na digrii, alikuwa na Sykes wa kumpokea, na alikuwa na chama chenye wanachama wanaochangia. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, laptopu ya mkono wa pili na akiba ya kodi ya miezi miwili. Nilichoondoka nacho kwenye stori yake ni kile kipande cha Butiama, kwamba katikati alikubali kazi ndogo.

Kwa hiyo nimekubali. Kuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Sofu, mwenye nalo anataka mtu wa kumpigia picha bidhaa na kujibu wateja wa WhatsApp. Malipo ni kwa wiki, hayafiki nusu ya mshahara wa kwenye makaratasi, ila yanakuja kamili. Usiku naandika huku. Nimejipa hadi Desemba.

Kilichobaki ni mama. Yuko Kisarawe, bado anajua naamka saa kumi alfajiri kuwahi ofisini. Jumapili naenda kumwambia.