Msuka Mfupi: Habari za Nyonga ya Kuundwa

Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kizungukacho katika kikombe cha nyonga. Kiharibikapo, mpasuaji hukikata akaweka cha kuundwa. Na ili kisichopoke, hukipa msuka wa kuingia ndani ya mfupa, kama msuka wa jembe uingiavyo katika mpini. Msuka huo uwe na urefu gani? Swali laonekana kuwa la mhunzi kuliko la mwanachuoni, lakini limewashughulisha matabibu kwa zaidi ya nusu karne, na jibu moja la zamani, kwa maoni yangu, lilihukumiwa kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa halikuwa lake.

Jibu hilo lilitoka Paris. Mwaka 1946 ndugu wawili, Robert na Jean Judet, walianza kutia kichwa cha akriliki, plastiki ngumu, chenye msuka mfupi uliopita katika shingo ya mfupa. Mfupa mwingi uliachwa salama. Waliokuwa wakichechemea wakatembea, na sifa zikavuka bahari. Haikupita miaka mingi sifa zikageuka malalamiko: akriliki ililika, na misuka mingine ikavunjika mwilini.

John Charnley, mpasuaji wa Uingereza, alisimulia habari za mtu mwenye nyonga ya Judet ambayo, kila alipoinama, ililia kwa mlio mkali hata mkewe akaondoka chumbani. Mwingine angalicheka tu. Charnley aliuliza mlio watoka wapi, akatambua kwamba akriliki yasuguana mno na kikombe, na msuguano huo huutikisa msuka mpaka ukalegea. Mkosaji mkubwa, basi, alikuwa kitu kilichoundiwa kichwa.

Hata hivyo lawama iliuangukia ufupi pia. Katika miaka ya 1950 Austin Moore wa Marekani alieneza kichwa cha madini chenye msuka mrefu. Novemba 1962 Charnley alianza kutumia kikombe cha politheni na kichwa kidogo cha chuma, kipenyo chake milimita 22.225, juu ya msuka mrefu ulioshikwa kwa saruji. Saruji yenyewe ilikuwa akriliki: iliyoshindwa kuwa kichwa ikafaulu kuwa gundi! Nyonga hiyo ikaenea duniani, na urefu ukawa kama sheria.

Sheria hiyo ilikuwa na gharama. Julius Wolff wa Berlin alikwisha kueleza, katika kitabu cha mwaka 1892, kwamba mfupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo uubebao. Msuka mrefu huupeleka uzito chini ya paja. Mfupa wa juu hukosa kazi, nao hukonda. Kwa mzee wa miaka 75 hasara hiyo ni ndogo. Kwa mtu wa miaka 40, ambaye huenda akahitaji kupasuliwa tena, mfupa uliokonda ndio ule ule utakaotakiwa kushika nyonga ya pili.

Ndipo ufupi uliporudi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Francesco Pipino wa Italia alibuni kiungo cha kuhifadhi shingo ya mfupa. Mwaka 1985 Bernard Morrey, katika Mayo Clinic huko Marekani, akaanza kutumia msuka mfupi wake. Misuka ya namna hii aghalabu ni ya titaniamu, yenye uso wa kukwaruza ambao mfupa huota na kuushika.

Sidai kwamba ufupi hauna lawama yoyote. Msuka mfupi hushika mahali padogo, na katika mfupa dhaifu wa kikongwe hatari yake si ya kupuuzwa. Tena ushahidi wake ni mchanga: Sweden imekuwa na daftari la nyonga tangu mwaka 1979, na misuka mirefu ya saruji imefuatwa humo kwa miongo mingi. Lakini msuka mfupi ulegeapo, mara nyingi mpasuaji hukuta chini yake mfupa usioguswa, akaweza kutia mrefu wa kawaida. Mrefu ulegeapo, mara nyingi hulazimika kutafuta mrefu zaidi.