Baridi na Ubongo: Historia ya Kupoza Mwili Baada ya Moyo Kusimama

Moyo unaposimama ghafla, damu huacha kuzunguka mwilini, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na haichukui dakika nyingi kabla seli za ubongo, ambazo hazina akiba ya maana ya oksijeni wala sukari, hazijaanza kuharibika. Hali hiyo ni tofauti na shambulio la moyo, ambalo hutokea mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo unapoziba na mara nyingi humwacha mgonjwa akiwa na fahamu zake, ingawa shambulio hilo lenyewe ni miongoni mwa sababu kubwa za moyo kusimama. Watafiti walijifunza kuurudisha moyo mapema kuliko walivyojifunza kumrudisha mtu mwenyewe, yaani akili yake, usemi wake na uwezo wake wa kujitegemea, na jitihada za kuziba pengo hilo ndizo zilizowafanya madaktari waigeukie baridi.

Hatua ya kwanza ilipigwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, ambako mhandisi wa umeme William Kouwenhoven na wenzake walikuwa wakichunguza jinsi mkondo wa umeme unavyoweza kukomesha mpapatiko wa moyo, hali ambayo msuli wa moyo hutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Mwaka 1958 msaidizi wake, Guy Knickerbocker, aliona kwamba kila alipovikandamiza vibao vya umeme kwenye kifua cha mbwa wa majaribio, shinikizo la damu katika mshipa wa mnyama huyo lilipanda kidogo, hata kabla umeme haujapitishwa. Kutokana na badiliko hilo dogo, wawili hao pamoja na daktari wa upasuaji James Jude walibuni njia ya kukandamiza kifua kwa mikono mitupu, na mwaka 1960 walichapisha taarifa ya wagonjwa 20, ambao 14 kati yao walipona. Matokeo mazuri kiasi hicho yalitokana na mazingira, kwa kuwa wagonjwa hao walikuwa hospitalini, mbele ya macho ya wataalamu. Kwa watu wanaoanguka majumbani na barabarani kiwango cha namna hiyo hakikufikiwa kamwe.

Wakati huohuo fikra ya kutumia baridi ilikuwa imekwisha kuanza kuzaa matunda katika vyumba vya upasuaji. William Bigelow wa Toronto, nchini Kanada, alionyesha mwaka 1950 kwamba mnyama aliyepozwa huhitaji oksijeni kidogo, na kwa hiyo anaweza kustahimili kusimamishwa kwa mzunguko wa damu kwa muda. Mwaka 1952 F. John Lewis wa Chuo Kikuu cha Minnesota alimpoza mtoto wa kike wa miaka mitano, akaufungua moyo wake na kuziba tundu lililokuwamo. Mwaka 1959 madaktari wa Johns Hopkins walitoa taarifa ya wagonjwa ambao moyo ulisimama wakiwa hospitalini: kati ya 12 waliopozwa baada ya moyo kurudi, sita walipona, ilhali kati ya saba ambao hawakupozwa alipona mmoja tu. Idadi ilikuwa ndogo mno kuthibitisha lolote, lakini ilitosha kuwasha matumaini.

Aliyeyashika matumaini hayo kwa ukakamavu kuliko wote ni Peter Safar, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 alithibitisha ubora wa kumpulizia mgonjwa pumzi mdomo kwa mdomo, na ambaye mwaka 1964 alikwisha kuiingiza baridi katika mpangilio wake wa hatua za uokoaji. Mwaka 1966 binti yake alipatwa na pumu kali. Moyo na mapafu yake vilirudishiwa kazi, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kufa, na mtoto huyo hakuamka tena. Safar aliitumia sehemu kubwa ya maisha yaliyombakia kudai kwamba uokoaji usiojali ubongo haujakamilika, na maabara yake mjini Pittsburgh ikawa shule ya kizazi kizima cha watafiti wa fani hiyo.

Hata hivyo, baridi iliachwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Madaktari wa mwanzo walishusha joto la mwili hadi nyuzi 30 au chini yake, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na wagonjwa wao wakaandamwa na maambukizi, kutokwa na damu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mwamko mpya ulikuja mwaka 1987, pale Raul Busto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Miami walipoonyesha kwa panya kwamba kupunguza joto la ubongo kwa nyuzi chache tu hupunguza sana uharibifu wake. Kilichotakiwa, basi, ni ubaridi wa wastani, na majaribio ya mbwa katika maabara ya Safar yakaelekea upande huohuo.

Majaribio mawili makubwa yalichapishwa pamoja mwezi Februari 2002. Mjini Melbourne, Australia, Stephen Bernard na wenzake waliwagawa wagonjwa 77 kwa tarehe: aliyeanguka siku ya tarehe witiri alipozwa, wa tarehe shufwa aliachwa na joto la kawaida. Wahudumu walianza kazi ndani ya gari la wagonjwa, wakimvua mgonjwa nguo na kumwekea pakiti za barafu kichwani na kiwiliwilini. Hospitalini alipewa dawa za usingizi na za kulegeza misuli ili asitetemeke, kwa sababu kutetemeka huzalisha joto, na akabakishwa kwenye nyuzi 33 kwa saa 12. Kati ya waliopozwa, asilimia 49 waliondoka hospitalini wakiwa katika hali njema, dhidi ya asilimia 26 ya wenzao. Jaribio la pili, lililoongozwa kutoka Vienna, lilihusisha wagonjwa 275 wa nchi tano za Ulaya, nalo likaonyesha kwamba asilimia 55 ya waliopozwa walirudi katika hali njema ya ubongo, dhidi ya asilimia 39. Safar, aliyefariki mwaka 2003, aliwahi kuyaona matokeo hayo, na mwaka huohuo kamati ya kimataifa ya wataalamu wa uokoaji ilipendekeza tiba hiyo itumike.

Lakini ndani ya takwimu za Ulaya mlikuwamo jambo lililowasumbua wasomaji makini, nalo ni kwamba wengi wa wale ambao hawakupozwa walipata homa. Je, kilichosaidia ni baridi, au ni kuepushwa na homa tu? Wasweden, wakiongozwa na Niklas Nielsen, walithubutu kuliuliza swali hilo wakati ambapo hospitali nyingi zilikuwa zimekwisha kununua mashine za kupozea na tiba yenyewe imeingia katika miongozo, na ujasiri huo unastahili heshima kubwa. Mwaka 2013 walilinganisha nyuzi 33 na nyuzi 36 kwa wagonjwa 939, na mwaka 2021 wakalinganisha nyuzi 33 na udhibiti wa homa peke yake kwa wagonjwa wapatao 1,900. Mara zote mbili waliofariki walikuwa takriban nusu ya kila kundi, bila tofauti ya maana, na katika jaribio la pili matatizo ya mapigo ya moyo yalizidi miongoni mwa waliopozwa. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2019, lililohusu wagonjwa ambao mioyo yao haikusimama kwa mpapatiko, lilikuwa limeona nafuu kidogo, asilimia 10.2 ya waliopozwa wakirudi katika hali njema ya ubongo dhidi ya 5.7, na kwa sababu hiyo mjadala haujafungwa.

Somo la Safar lilijitokeza pia mahali pasipohusiana na baridi. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 8,000 waliopewa adrenalini, dawa iliyotumika kwa miongo mingi, au maji ya chumvi yasiyo na dawa. Adrenalini iliongeza kidogo idadi ya waliokuwa hai baada ya siku 30, kutoka asilimia 2.4 hadi 3.2, lakini miongoni mwa walionusurika, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31, dhidi ya 17.8 kwa wasiopewa. Tafiti za aina hii zisingeweza kusema hivyo kama zingeishia kuhesabu mapigo ya moyo.

Miongozo ya sasa inasisitiza kupima joto la mgonjwa aliyezimia bila kukoma na kuizuia homa, kazi ambayo hata hospitali isiyo na mashine ya kupozea, Ulaya au Afrika Mashariki, inaweza kuianza. Inataka pia subira katika kutabiri, kwa kuwa dawa za usingizi hubaki mwilini na ubongo uliojeruhiwa huamka polepole, na kwa hiyo daktari huelekezwa asitegemee ishara moja, na kwa kawaida asitoe hukumu kuhusu mgonjwa asiyeamka kabla ya saa 72 tangu moyo uliporudi.