Lugha ya Kazi Mjini Kampala: Nani Huiamua?

Huenda umewahi kuisikia hoja hii: mgeni anayetafuta riziki Kampala alazimishwe kuzungumza Kiingereza kazini, kwa kuwa ndicho lugha rasmi ya Uganda. Kabla hujaikubali wala kuikataa, fuatana nami katika historia, maana nchi hii imekwisha kuonja amri za lugha zaidi ya moja.

Askari wa kigeni waliotumikia dola ya Mwingereza mwishoni mwa karne ya 19 walitoka Sudani, nao walizungumza Kinubi, lugha iliyochipuka katika Kiarabu. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, Kiswahili kilienea kambini, kwa sababu askari wa makabila mengi walihitaji kuelewana. Reli nayo ilipofika Kampala mwaka 1931, vibarua na makarani kutoka Kenya walikuja na lugha hiyohiyo. Kazi yenyewe ilikuwa imechagua lugha yake.

Mambo yalibadilika pale watawala walipotaka kuamua kwa niaba ya watu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitiliwe mkazo katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929, akihofia hadhi ya Luganda na ya Buganda yenyewe. Baada ya uhuru wa 1962, Kiingereza kikabaki lugha rasmi. Mwaka 1973 Idi Amin akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini wananchi wengi walikuwa wamezoea kukisikia kinywani mwa askari mwenye bunduki, na chuki hiyo ikaishi muda mrefu kuliko utawala wake. Ilipofika mwaka 2005 ndipo Katiba ilipofanyiwa marekebisho na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili.

Somo ni lipi? Lugha inayoletwa na mahitaji ya kazi hupokewa. Inayoletwa kwa vitisho huchukiwa, hata ikiwa lugha nzuri.

Sasa tuitazame Kampala ya leo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi. Fikiria fundi cherehani aliyekimbia vita mashariki mwa Kongo, aliyekulia katika Kiswahili. Wateja wake wanazungumza Luganda. Wenzake kibandani wanachanganya lugha tatu. Kumtaka azungumze Kiingereza mbele ya cherehani hakutanyoosha mshono hata mmoja. Tena Kiingereza chenyewe, Waganda wenyeji nao walikipata darasani; asiyebahatika kusoma hukikosa, ingawa amezaliwa hapa. Sharti hilo likiwekwa, litamfungia mlango mwenyeji maskini pamoja na mgeni.

Upande wa pili nao una haki yake. Muuguzi asiyeelewa maelezo ya daktari anaweza kumdhuru mgonjwa, na mjenzi asiyeelewa onyo la hatari anaweza kuwaangamiza wenzake. Hapo sharti la lugha ni halali, kwa kuwa linalinda uhai. Hata hivyo, huenda lugha inayohitajika wodini ikawa Luganda, ambayo mgonjwa ndiyo anayoijua.

Sheria yetu ya uraia yenyewe ina busara katika jambo hili: anayeomba uraia kwa tajnisi hutakiwa kujua vya kutosha Kiingereza au lugha ya kienyeji iliyoainishwa. Ikiwa anayetaka kuwa raia amepewa hiari hiyo, kwa nini anayetaka kushona nguo anyimwe?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi utakapokutana na sharti la lugha kazini, uliza kwanza: je, kazi ndiyo inayoitaka lugha hii, au ni mwenye amri tu?